Spika ya Vichanjani

Kwetu Rumonge, Burundi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kazi ya ndagala, yaani dagaa, ni kazi ya nje. Boti hutia nanga alfajiri, akina mama hununua kwa mabeseni, huosha, humwaga samaki juu ya vichanja vya wavu, na kuanzia hapo mpaka jua litue lazima awepo mtu: wa kugeuza, wa kufukuza ndege, wa kuanua haraka mawingu yakikusanyika juu ya milima ya Bururi. Mtu huyo nyumbani kwetu ni mama mkwe wangu. Mwaka 1972, wakati wa mauaji, alikimbilia Kigoma, Tanzania, akiwa msichana, kama watu wengi wa pwani hii ya ziwa. Baada ya makubaliano ya amani ya Arusha ya mwaka 2000 akarudi na watoto wake, lakini dada yake akabaki kule. Siku hizi dada humtumia ujumbe wa sauti, mrefu, wenye salamu za ukoo mzima. Upepo wa ziwa ukivuma, simu yake ndogo haisikiki hata akiigandamiza sikioni, na mikono yenyewe ina magamba.

Ndivyo tulivyoingia katika habari ya spika ya bluetooth.

Kila mtu alikuja na shauri lake. Mume wangu alitaka sauti ya kutikisa mabati. Shemeji, ambaye huvua usiku kwenye katamarani, alitaka chaji ya kufika asubuhi. Mama alisema, "Mimi nataka kumsikia dada yangu tu." Mimi nilitaka kitu ambacho kikipakwa mawese na utumbo wa samaki kinasuuzika.

Mume wangu alipopanda Bujumbura kwa barabara ya RN3 nilimwomba aangalie kwanza maandishi ya IP kwenye boksi. Herufi hizo zinafuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu: vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji: 7 maana yake chombo kimezamishwa mita 1 kwa dakika 30 kikatoka kizima. Ukiona IPX7, ile X inakuambia kwamba kwa upande wa vumbi hakuna kiwango kilichotajwa, na kwetu mchanga ni adui mkubwa kuliko mvua. JBL Flip 6, kwa mfano, ina IP67 na mtengenezaji anaihesabia saa 12 za kupiga. Charge 5 ina IP67 pia na saa 20. Tulizitamani, tukanunua nyingine ya bei ya chini yenye IP67 ileile.

Alipofika nayo, kabla hata hajala, aliitumbukiza kwenye beseni la maji. Watoto wakapiga kelele, jirani akaja kuuliza nani amezama. Ikatoka inalia vilevile. Mama akashika kichwa: pesa ya magunia ya ndagala inaogeshwa!

Jaribio lililokuwa na maana zaidi lilikuwa la sauti. Sebuleni ile spika ilijaza nyumba. Vichanjani ikawa kama imepungua nusu. Nje hakuna ukuta wa kurudisha mlio, na kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hushuka desibeli 6 hivi. Besi ndiyo hupotea kwanza. Mume wangu alinuna, maana yeye besi ndiyo aliyoinunua. Mama hakujali, kwa kuwa maneno ya mtu hayakai kwenye besi. Akaisogeza mwenyewe kutoka juu ya wavu hadi chini ya ukuta wa ghala, akaielekeza upande wake, na sauti ya dada yake ikanyooka. Yule mama hajawahi kusoma karatasi ya maelekezo, lakini alipata mahali pake haraka kuliko sisi wote. Mimi napenda kumpa heshima yake hapa.

Ugomvi ulianzia kwenye kuunganisha. Spika hizi hukumbuka simu zilizowahi kuunganishwa nazo, na nyingine hujiunga nazo zenyewe zikikaribia. Shemeji aliijaribu yake mara moja jioni, na tangu siku hiyo akirudi mwaloni asubuhi, kabla ya kusalimu, dada wa Kigoma hukatizwa katikati ya habari za msiba na muziki wa Bongo huanza kurindima.

"Shemeji, zima simu yako!"

"Sijagusa kitu, wallahi."

Alikuwa anasema kweli. Tukaifuta orodha yote ya simu kwenye spika, tukaunganisha upya ya mama peke yake.

Kisha mwezi ukajaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za boti hazivuti ndagala, wavuvi hupumzika, na vijana hushinda ufukweni usiku. Shemeji aliomba spika kwa adabu, akapewa. Wakapanda mtumbwi kwenda kuogelea, wimbi likaja, spika ikaenda majini. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 pale palipo pa ndani kabisa, na spika yetu si ya kuelea. Bahati walikuwa karibu na ukingo, maji ya kifuani. Waliipapasa kwa miguu mpaka wakaipata.

Maji hayakuiua. Lakini kifuniko kidogo cha mpira kinachoziba tundu la chaji kilikuwa kimefunguka, na ndani mna mchanga. Ile 67 ya boksi inahusu chombo kipya, maji matulivu, kifuniko kimefungwa barabara. Kuchaji tundu likiwa na maji ni kuiunguza kwa mkono wako, kwa hiyo nilikataza isiguswe na waya. Asubuhi nikaikuta kando ya jiko la makaa, mama ameilaza ikauke kama anavyokausha samaki wa moshi! Niliiondoa mbio. Ndani mna betri ya lithiamu; nyingi hazifai hata kuchajiwa joto likizidi nyuzi 45, seuze kando ya makaa. Inaweza kuvimba, inaweza kulipuka, na pale jikoni ndipo watoto hula. Mama alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa dada yangu yumo humo, amekufa?" Nikamwambia dada yumo kwenye simu.

Tuliisuuza kwa maji safi, tukaitikisa, tukaiacha kivulini kifuniko wazi mpaka ikakauka kabisa. Inalia. Ina mkwaruzo mdogo kwenye sauti nzito, na sauti ya mtu inatoka safi, hivyo kwa aliyenunuliwa imefaulu. Huchajiwa usiku umeme ukiwepo, ndani ya nyumba, na mtoto wetu wa kwanza ndiye mkaguzi wa kile kifuniko kila kunapopambazuka.

Shemeji sasa anataka yake. Nimemwambia atafute zile zinazoelea, kama Wonderboom, na hata hizo azifunge kamba kwenye boti.