Mzigo Upewe Kiti

Familia ya Tabora ikisema inakwenda Bagamoyo kupumzika siku tatu, kitu cha kwanza kufungwa si nguo, ni asali. Dumu la lita tano linavikwa nailoni shingoni, linakazwa kwa mpira wa baiskeli, linapinduliwa juu ya gazeti kuona kama linavuja. Zinafuata karanga, mchele, michembe, uyoga mkavu, na jogoo aliyefungwa miguu bila kuulizwa kama ana hamu ya kuiona bahari. Nguo za watoto za kuogelea zinaingia mwisho, nafasi ikipatikana, na mara nyingi haipatikani.

Nawasikia watu wa siku hizi wakiulalamikia mzigo. Eti unaharibu likizo, unavunja mgongo, unaleta ugomvi na kondakta. Vijana wanataka kusafiri na kibegi cha mgongoni na chaja ya simu. Mimi nasimama upande wa mzigo. Naomba upewe heshima yake, na ikiwezekana upewe kiti cha dirishani.

Kwanza, mzigo una nasaba kuliko abiria. Njia ya kutoka Unyanyembe, ndiko Tabora, kwenda pwani ni yake. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka na pembe za ndovu begani kabla Mzungu yeyote hajaijua njia hiyo, wakapanda na merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Kijana ambaye hajawahi kufika pwani na mzigo wake alipata tabu kumshawishi mtu kwamba amekuwa mwanamume. Kwenda kutalii mikono mitupu kusingemsaidia kitu. Hata reli, ilipofika Tabora mwaka 1912, haikuletwa ili watu wakatazame mawimbi. Ililetwa kubeba mizigo, na watu wakaruhusiwa kupanda.

Mwaka 1857 wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliondoka Kaole, jirani ya Bagamoyo, mwezi Juni, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba. Siku 134. Wapo watakaosema mizigo ndiyo iliyowachelewesha. Sawa, lakini kule Ugogo watemi walidai hongo, na hongo ililipwa kwa vitambaa. Msafiri mwepesi angefika Ugogo haraka sana na kubaki huko huko. Stanley alilijua hilo: alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone, mali yake ilikuwa nyingi hata akaigawa katika misafara mitano. Mama zetu wanaogawa vitu katika mifuko ya shangazi kaja, hiki cha kukaa juu, kile cha kukaa chini, hawajamwiga mtu. Wanaendeleza kazi.

Na kama unadhani mzigo hauna hadhi, ukumbuke ule uliopita Tabora mwishoni mwa mwaka 1873. Livingstone alifariki mwezi Mei kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakashika njia ya pwani. Hapo Unyanyembe wakamkuta Luteni Cameron wa Uingereza, naye akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele ya safari wakaona dalili kwamba wenyeji hawataki maiti ipite kwao, wakatumia ujanja wa kipagazi: wakafunga mzigo wa uongo, wakawapa watu waurudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya ukawa robota la nguo kama marobota mengine. Februari 1874 robota likaingia Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili likawa limefika Westminster Abbey, London, kwenye kaburi la heshima. Nitajie abiria wa Tabora mwenye tiketi aliyewahi kupokewa hivyo.

Kuna mizigo nisiyoisifu. Pembe iliyobebwa na mtu mwenye mnyororo shingoni, ambaye mwisho wa njia aliuzwa kama ilivyouzwa hiyo pembe, haimo katika mzaha huu.

Turudi kwenye basi. Mzigo ndio unaoifanya familia iwe familia. Kila kituo mama anahesabu: vitu kumi na kimoja, watoto watatu. Akipata kumi anahesabu upya, na safari hii anamhesabu jogoo mara mbili, roho inatulia. Mtoto aliyelala analalia kiroba cha mchele. Baba aliyenuna tangu Itigi analazimika kufungua mdomo, kwa sababu dumu limeegemea begi la mtu na mwenye begi anataka maelezo. Kufika Morogoro mtu huyo ameshakuwa shemeji. Wasio na mizigo wanasafiri na visikio masikioni, na wakishuka hakuna anayewakumbuka.

Wenyeji nao, waliosema mje tu, msijisumbue na kitu chochote, wanalisalimia dumu kwa macho kabla ya kuwasalimia nyinyi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakusema apone kwa kutazama begi la nguo. Kama mwenyeji ni Mzaramo, utani wa tangu enzi za misafara unaanzia hapo hapo mlangoni: Wanyamwezi wamekuja, waonyesheni mahali pa kutua, wasije wakauza nyumba.

Ufukweni mzigo unatoa baraka yake kubwa kuliko zote. Lazima mtu abaki na vitu. Watoto wanaingia majini, wanaonja, wanatema, wanapiga kelele kwamba ni kweli ni chumvi. Shangazi anakwenda soko la samaki kusikia bei ya pweza ili apate cha kukasirikia. Mama anataka kuona Ngome Kongwe na mnara wa misheni alikolazwa Livingstone. Baba anaambiwa akae chini ya mti, alinde mikoba. Katika watu wote waliokuja kupumzika, ni huyu peke yake aliyepumzika.

Kurudi ndiyo utamu wenyewe. Nafasi ya asali inachukuliwa na nazi, ya karanga na chumvi ya Nunge. Bibi aliagiza maji ya bahari kwenye chupa, ya dawa, na chupa hiyo inabebwa mapajani kama mtoto mchanga. Halafu kuna ng'onda. Umfunge kwa karatasi, nailoni na khanga, hata hivyo abiria wote watajua mlikotoka kabla basi halijafika Chalinze.

Juu ya hayo jirani wa mwenyeji wenu anakuja mbio dakika ya mwisho na kifurushi: mpelekeeni mama mmoja pale Isevya, ukiuliza tu utaonyeshwa. Humjui, lakini utakwenda. Jumapili umeketi barazani kwake, anafungua kifurushi, anacheka, anakuletea chai na karanga. Hujafika nusu ya kikombe ameshaingia ndani na kutoka na dumu, anataka kujua pwani mnakwenda tena lini.