Sifa za Dalali

Miongoni mwa watu wanaolaumiwa na wengi na kutafutwa na hao hao, dalali wa nyumba na viwanja wa Dar es Salaam anastahili kiti cha mbele, na ni jambo la kusikitisha kwamba wasomi, ambao wamewatungia wakulima, wavuvi na hata wapiga debe kurasa nyingi za huruma, hawajamtungia yeye sifa hata moja. Hapa hazungumziwi dalali wa mahakama, yule anayekuja na amri ya hakimu kutoa vyombo nje na kupiga mnada, wala dalali wa mazao anayesimama kati ya lori na soko. Anayesifiwa ni yule ambaye, bila ofisi, bila stakabadhi na mara nyingi bila jina zaidi ya lile lililohifadhiwa kwenye simu za wateja kama “Dalali Sinza” au “Dalali Goba 2”, humkutanisha mwenye nyumba na mpangaji, au muuzaji wa kiwanja na mnunuzi, kisha akadai chake papo hapo, kabla watu hao wawili hawajapata nafasi ya kuulizana maswali.

Kubwa kwake ni elimu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaeleza kwamba ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma na iko mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia, kwa hiyo kinachouzwa mjini si udongo wenyewe bali ni haki ya kuumiliki kwa muda, yaani miaka 33, 66 au 99, pamoja na maendelezo yaliyofanywa juu yake, kama nyumba, ukuta au kisima. Ni fundisho zito, lenye vifungu vingi na masharti mengi, na dalali, ambaye hakuwahi kuisoma sheria hiyo, ameifupisha kwa maneno matatu tu: “Kiwanja hakina mgogoro.” Kauli hiyo ina nguvu ya pekee kwa kuwa hutamkwa kabla haijaulizwa, na mnunuzi mwenye uzoefu hujua kwamba inapotamkwa mara ya pili katika safari moja, kuna mahali wajukuu wa marehemu hawajakaa kikao.

Wanaomkejeli dalali kwa sababu hana vitabu husahau kwamba vitabu vyenyewe havijakamilika. Kiwanja chenye hati kina kumbukumbu kwa Msajili wa Hati, na mtu yeyote aweza kuomba upekuzi, maana yake ukaguzi rasmi wa daftari unaoonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Lakini sehemu kubwa ya makazi ya Dar es Salaam ilikua bila kupimwa, na huko karatasi iliyopo ni ya mauziano, iliyosainiwa mbele ya mashahidi na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa, au pengine leseni ya makazi, ambayo ni ruhusa ya muda mfupi tu ya kukaa mahali pasipopimwa. Katika mitaa hiyo daftari la umiliki ni kumbukumbu za watu, na karani wa daftari hilo ni dalali. Yeye ndiye anayejua kwamba nyumba ya bati jekundu ni ya mjane na si ya shemeji anayejitambulisha kuwa mwenyewe, kwamba mpangaji wa chumba cha uani anadaiwa na atahama mwisho wa mwezi, na kwamba mpaka wa kiwanja cha mwisho ulikuwa mwembe kabla mwembe haujakatwa. Anajua mengi, ila hasemi yote, na hapo ndipo riziki yake ilipo.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliandika makala iliyokuja kumpatia, pamoja na wenzake wawili, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, akieleza kwa mfano wa magari yaliyotumika kwamba soko ambalo muuzaji anajua mengi kuliko mnunuzi huelekea kuharibika, kwa sababu mnunuzi anayehofia kuuziwa kibovu hutoa bei ndogo, na mwenye kizuri hukataa kuuza kwa bei hiyo. Mojawapo ya tiba zinazojulikana za ugonjwa huo ni mtu wa kati mwenye sifa ya kulinda, ambaye hatasema uongo leo kwa kuogopa kukosa mteja kesho. Dalali ameichangia elimu hiyo kwa kuonyesha kwamba mtu wa kati aweza kustawi bila sifa ya kulinda, kwa kuwa familia ya kawaida hununua kiwanja mara moja au mbili katika maisha yake yote, na mteja ambaye hatarudi hata angeridhika hana sababu ya kuridhishwa sana.

Hata hivyo kuna hoja moja ambamo dalali wa Dar es Salaam amewashinda wenzake wa nchi tajiri kabisa. Steven Levitt na Chad Syverson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walilinganisha mauzo ya nyumba karibu 100,000 za eneo la Chicago na kukuta kwamba mawakala wa nyumba, watu wenye leseni na tai shingoni, walipouza nyumba zao wenyewe walizisubirisha sokoni takriban siku 9.5 zaidi na kupata bei kubwa zaidi kwa asilimia 3.7 hivi kuliko walipowauzia wateja wao nyumba zinazofanana na zao. Sababu si ngumu kuiona: wakala anayelipwa kwa asilimia hupata punje tu ya kila dola inayoongezeka juu ya bei, na punje haimfanyi mtu akae wiki nzima akimsubiri mnunuzi bora, hivyo humshauri mteja akubali bei iliyoko mezani.

Dalali wa Goba hana udhaifu huo. Mwenye kiwanja akisema anataka shilingi milioni 30, dalali humwambia mnunuzi milioni 36, na ile milioni 6 inayozidi, iitwayo cha juu, humwendea yeye, mbali na udalali wenyewe, yaani malipo yake ya wazi, ambayo kwenye mauzo huwa mara nyingi asilimia 5 na pengine 10. Kwa mpango huu dalali ana kila sababu ya kupigania bei kubwa, atasubiri, atapanda bodaboda mara kumi, atamsifia mnunuzi upepo wa baharini ambao Goba haiupati. Tatizo la Chicago limetatuliwa kwa ukamilifu. Imebaki kasoro ndogo, nayo ni kwamba faida ya juhudi hiyo haimfikii muuzaji aliyemtuma wala mnunuzi aliyemwamini, na kwa kuwa dalali mmoja huwa amepewa habari na wa pili aliyeipata kwa wa tatu, kila mmoja huongeza chake, na mwenye kiwanja hushangaa kusikia barabarani kwamba mali yake imepanda thamani tangu asubuhi.

Ustadi wake huonekana vizuri zaidi siku ya kuonyesha nyumba. Tangazo limesema chumba masta, sebule, jiko, fensi, luku yako mwenyewe, lami dakika tano. Dalali hufika amekwishachelewa, simu mbili mkononi na funguo zimefungwa kwa kitambaa, na kabla ya kufungua mlango hupokea ada ya kuonyesha, ambayo hairudi hata kama mlango wenyewe haukufunguka. Ndani husimama kwa utulivu mkubwa, mgongo umeegemea ukuta, na mpangaji akihamia ndipo hugundua kwamba pale palipoegemewa pana unyevu unaopanda kutoka chini hadi usawa wa mabega ya mwanamume wa kimo cha kati. Bomba halijafunguliwa kwa sababu “maji yanatoka usiku,” dirisha la upande wa pili halijafunguliwa kwa sababu komeo ni gumu, na karo la jirani liko upande huo huo wa pili. Dakika tano za kufika lami zilihesabiwa kwa bodaboda, wakati wa kiangazi, dereva akiwa na haraka. Katika maelezo yote hayo haiwezekani kumshika dalali kwa uongo mmoja ulionyooka, na uangalifu wa namna hiyo katika matumizi ya lugha haupatikani kirahisi hata kwa watunga sheria.

Kwa mpangaji malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja, na hulipwa mara moja tu, siku ya kuingia. Kutokana na kanuni hiyo dalali ameikuza mno hali ya watu kuhamahama, kwa kuwa mpangaji anayetulia miaka kumi mahali pamoja hamnufaishi mtu yeyote katika taaluma hii, na mwenye nyumba ambaye hajawahi kufikiria kupandisha kodi hukumbushwa kwa upole kwamba kuna mteja mwingine, mstaarabu, hana watoto, anayeweza kutoa ya mwaka mzima.

Zamani kulifanyika jaribio la kuishi bila yeye. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa mwaka 1990 na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba zikawa za kugawiwa kwa maombi. Lakini kodi ilipokuwa ndogo kuliko bei ya soko, haki ya kukaa ndani ikageuka bidhaa, na ikaota mizizi desturi ya kilemba, yaani fedha anayolipa mpangaji mpya kwa yule anayempisha, ambayo mpaka leo wafanyabiashara wa fremu za Kariakoo wanaijua vizuri. Palipo na kilemba lazima awepo mtu anayejua nani anataka kuondoka.

Wapo watu wasio na shukrani ambao humtumia dalali kwa miguu yake na kumnyima mengine yote. Watu hao, wakiwa wauzaji, humwandikia bei ya mwisho na malipo yake katika karatasi moja inayosainiwa na wote, hivyo cha juu kikakosa mahali pa kuota; wakiwa wanunuzi, hukataa kumlipa mtu yeyote kabla ya kukaa na mwenye mali uso kwa uso, hulipia upekuzi wao wenyewe, huleta mpima ardhi wao kutafuta bikoni, yaani zile alama za zege za mipaka, na huuliza kama mali ni ya mirathi na kama msimamizi aliyeteuliwa na mahakama yuko tayari kusaini. Hufikia hata kudai ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe na mmoja kwa siri ya mwenzake. Kwa wateja wa aina hii dalali hubakia na thamani ya kweli, isiyo ndogo, kwa sababu mgeni wa jiji hawezi kuijua mitaa ya Madale au Chanika kwa mwezi mmoja, na mwenye kiwanja anayefanya kazi Mwanza hawezi kupokea wageni kumi kila Jumamosi. Ila thamani hiyo ni ya kutafuta na kukutanisha, na hailingani na asilimia 10. Anayeumia zaidi ni yule mwenye haraka, aliyeuguliwa au anayedaiwa ada, kwani dalali hutambua haraka ya mtu kwa sauti ya simu, na bei ya mwenye haraka hushuka bila kushushwa.

Kenya iliamua tangu mwaka 1984, kwa Sheria ya Mawakala wa Nyumba, kwamba mtu wa kazi hii sharti asajiliwe na bodi, ingawa mitaa ya Nairobi na Mombasa haijakosa wasiosajiliwa. Tanzania kwa miaka mingi imeliendesha soko lake bila sheria mahususi ya kumpima dalali elimu, dhamana au mwenendo. Lakini Julai 2025 serikali ilitoa amri iliyowakataza wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo za saluni, za kutengeneza simu na za kuongoza watalii, na katika orodha hiyo udalali wa nyumba na ardhi ukatajwa kwa heshima zote. Dalali amepewa ulinzi dhidi ya washindani wa nje kabla hajapewa mtihani wowote nyumbani, na kama yupo mtu aliyebaki na shaka juu ya hadhi ya kazi hii, akasome amri yenyewe, kisha ampigie “Dalali Goba 2”, ambaye bila shaka ana kiwanja, na hakina mgogoro.