Msiniagize Feni: Barua kutoka Phoenix

Baba Mdogo, shikamoo. Wakubwa wengine hapo Matwebe nao wapokee shikamoo zao, na watoto nawawahi na marahaba kabla hawajaniomba simu.

Kwanza nisahihishe habari. Nasikia stendi ya Tukuyu inasemwa kwamba nimenunua lori Marekani na nabeba mizigo ya serikali. Ni pikapu, Baba Mdogo. Ya mwaka 1994, rangi yake iliwahi kuwa nyekundu, na mzigo mkubwa kuliko yote iliyoubeba tangu iwe mikononi mwangu ni kochi la jirani. Kwamba ilikuwa inachemsha, ni kweli. Kwamba nimeifunga feni ya umeme, ni kweli pia. Lakini hiyo ya tatu, kwamba sasa natakiwa nikutumie na wewe feni ya namna hiyo kwa ajili ya lori lako la Fuso, ndiyo iliyonifanya niandike badala ya kupiga. Simu zetu unazijua. Nikipata nafasi saa mbili usiku, huko kwenu ni saa kumi na mbili asubuhi, wewe uko mgombani na panga mkononi, na mtandao umekwenda kutembea.

Ili unielewe, anza na joto. Phoenix iko jangwani, mita 330 hivi kutoka usawa wa bahari, yaani chini kuliko Ziwa Nyasa lenyewe. Fikiria Kyela, kisha ondoa ziwa, ondoa mpunga, ondoa kakao, ondoa mvua. Kinachobaki ndipo ninapoishi. Mwaka 2023 mji huu ulipitisha siku 31 mfululizo, kila siku joto likifika nyuzi 43 au kuzidi. Kuna watu wanaweka glavu za jikoni ndani ya gari, zile za kutolea mkate kwenye oveni, wapate kushika usukani. Na mimi ni mtoto wa Rungwe, niliyelelewa kwa sweta mwezi wa saba na ukungu hadi saa nne asubuhi! Injini inayochemsha hapa siilaumu. Hata mimi nachemsha.

Feni iliyokuja na pikapu ilikuwa inazungushwa na injini, kama ya Fuso yako. Shida yake ni foleni. Ukisimama kwenye taa, injini inazunguka polepole na feni nayo polepole, na upepo wa barabarani haupo kwa sababu huendi popote. Geji inapanda huku unatazama taa nyekundu. Feni ya umeme haina habari na mwendo wa injini. Kuna kidude cha kupima joto kinachopachikwa kwenye rejeta. Maji yakifika nyuzi 95 hivi kinaiwasha, yakishuka kwenye 85 kinaizima. Ukikimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, upepo peke yake kwa kawaida unatosha na feni inapumzika.

Tuliifunga na jirani yangu, Mkongomani wa Bukavu, huyohuyo mwenye kochi. Kwao alikuwa fundi umeme wa magari. Hapa anaendesha mashine ya kupanga mizigo ghalani. Feni tuliipata kwenye yadi ya magari yaliyokufa. Unalipa kiingilio cha dola chache, unaingia na spana zako, unafungua mwenyewe unachokitaka, ukitoka unalipia. Hakuna fundi wa kukwambia “rudi kesho, bosi.” Sharti usivae kandambili. Tuliichukua pamoja na kava lake, maana feni bila kava inavuta hewa ya pembeni tu na kuiacha nusu ya rejeta haijaguswa.

Kwenye nyaya jirani yangu ni mkali kuliko padri. Feni inavuta ampia 30, na inapoanza kuzunguka inavuta zaidi. Ukiupitisha umeme huo kwenye swichi ya dashibodi, swichi inayeyuka. Kwa hiyo swichi inaiamrisha relei tu, na relei ndiyo inayoubeba mzigo kwa waya mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi ya 40 imekaa karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka njiani kiungue kitu cha bei ndogo. Baada ya hapo akaomba karatasi ya kujaribia. Nikampa bili yangu ya umeme. Akaiweka mbele ya rejeta akaiachia, ikanata palepale, maana yake feni inavuta hewa kuja kwenye injini. Nyaya zingekuwa zimegeuzwa, feni ingezunguka kinyume na karatasi ingeruka. Kwa kiasi kilichoandikwa mle, nilitamani iruke mpaka Mexico.

Feni ilinguruma, mtaa mzima ukatoka kutazama, na jioni ile ndipo nilipowapigia nanyi mkapata habari. Kilichofuata hamkukisikia, kwa sababu hakina mngurumo. Maji yaliendelea kupungua.

Feni ya umeme inampa mtu raha ya bure, Baba Mdogo. Unaiona, unaisikia, unamwonyesha mgeni. Maji yanayotoroka hayamwonyeshi mtu kitu. Na nchi hii inayasaidia kutoroka: tone la rejeta likianguka kwenye lami mchana wa Julai halikusubiri uinamie na tochi. Chini ya gari nilikuta maji, nikayafuata kwa furaha, kumbe ni ya kiyoyozi. Hayo hayana rangi wala harufu. Ya rejeta, kama umeweka kulanti, yana rangi, yanateleza kwenye vidole na yananukia utamu.

Utamu huo ni wa sumu, na hapa nasimamisha kicheko. Kulanti nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glikoli. Mbwa anailamba kwa sababu ni tamu, na figo zinamfia. Naomba lile dumu lenu la kulanti nililoliona kwenye picha, karibu na ndoo ya maji ya kunywa, liondoke pale leo.

Aliyefichua siri ni mlima. Kutoka Phoenix kwenda Flagstaff, kaskazini, unapanda mpaka mita 2,100. Ni sawa na kutoka Kyela kwenda Isyonje, ila bila wauza ndizi. Napenda kwenda huko, kuna misonobari na baridi ya kiungwana. Sehemu moja ya kupanda wameweka kibao kinachowataka madereva wazime kiyoyozi magari yasichemshe. Nikazima. Geji ikapanda. Jirani yangu akanyoosha mkono, akafungua hita mpaka mwisho.

Mwambieni Bibi asishtuke, sikuwa na malaria. Hita ya gari ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, maji ya injini yanapita humo, na ukiifungua inaondoa joto kwenye injini na kukumwagia wewe. Nje ni nyuzi 42. Ndani sikupima. Tulipitwa na mama mzee mwenye gari la kiyoyozi, akatutazama tulivyoloa, akafanya ishara ya msalaba.

Lakini geji ilishuka. Na pamoja na lile joto ikaja harufu tamu, kioo cha mbele kikaingia ukungu wenye mafuta, na zulia la upande wa abiria, yaani chini ya miguu ya Mkongomani, likawa limelowa. Feni tulikuwa tumeifunga mbele. Maji yalikuwa yanatorokea ndani.

Tulihakikisha kwa pampu ya presha. Maduka ya vipuri hapa yanakuazima chombo, unaacha amana, ukirudisha unapewa hela yako yote. Injini ikiwa baridi, unaifunga pampu mahali pa mfuniko wa rejeta, unapampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, unakaa kimya. Mshale ukisimama, hakuna tundu. Ukishuka, unatafuta: kwenye hozipaipu na klipu zake, kwenye kitundu kilicho chini ya wota pampu, kwenye maungio ya rejeta, na alama yoyote ya ukoko mweupe au wa kijani, ambao ni maji yaliyokauka na kuacha chumvi zake. Kwangu kulikuwa kukavu kote, na mshale unashuka. Nikaweka sikio kwenye dashibodi nikasikia inanong'ona.

Kubadilisha rejeta ya hita maana yake ni kung'oa dashibodi nzima, na bei niliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko ya pikapu. Kwa hiyo tumeiruka: bomba la kwenda na la kurudi tumeyaunganisha kwa kipande kimoja cha hozi na klipu mbili. Maji hayapungui tena. Desemba nikienda Flagstaff nitavaa lile koti la Baba.

Sasa Fuso. Feni hii ni ya volti 12. Fuso yako ina betri mbili zilizoungwa kuwa volti 24. Ukiichomeka humo itavuma vizuri sana kwa dakika chache. Hata ningepata ya 24 nisingekutumia. Lori lililojaa parachichi likipanda kutoka Kiwira linakwenda polepole huku injini inazunguka kwa kasi, na hapo ndipo feni ya mkanda inapofanya kazi yake yote. Ya umeme yenye nguvu kama hiyo ingeinyonya alteneta yako mpaka taa ziwe mishumaa.

Muulize fundi wako mambo mawili. Kwanza, thamostati iko wapi? Najua aliitoa, mafundi wetu wote wanaitoa na kusema gari sasa “linapumua.” Kwenye injini nyingi za dizeli thamostati hiyohiyo, ikifunguka, inaziba njia ya mkato; ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupitia kwenye rejeta, na lori linachemsha mlimani kwa sababu ya dawa. Pili, aitazame rejeta asubuhi mfuniko ukiwa wazi na injini inaunguruma. Mapovu yasiyokwisha ni gasketi ya silinda hedi, na hapo hata feni ya ndege haisaidii.

Mfuniko wenyewe ndio ninaoushuku kuliko yote. Utingo wako alinitumia picha: umekazwa kwa kitambaa. Zamani ilikuwa mfuko wa plastiki, nadhani mliacha ulipopigwa marufuku Juni 2019. Mfuniko mzima una springi inayobana presha, na presha ndiyo inayozuia maji kuchemka mapema. Wenye namba 0.9 unayafikisha karibu nyuzi 118 kabla ya kuchemka huku chini. Maji tupu yasiyobanwa hapo Tukuyu yanachemka kwenye 95. Kitambaa hakibani kitu.

Kwa hiyo sitaleta feni, naleta mfuniko. Nimempa mama mmoja wa Kyela anayekuja likizo mwezi ujao. Umefungwa kwenye soksi na kutiwa ndani ya kiatu cha kulia cha vile viatu ninavyomtumia Bibi. Mwambieni Bibi asivijaribu kwanza.