Barua ya Wazi kwa Bodi za Urembo za Majimbo ya Marekani, Pamoja na Shukrani za Kulindwa dhidi ya Chanuo

Waheshimiwa wajumbe,

Kuulinda umma dhidi ya chanuo lenye mkia si jambo dogo, na nyinyi mmelibeba kwa moyo ambao hata zimamoto wangepaswa kuja kujifunza kwenu. Tangu Minnesota ilipotunga sheria ya leseni za vinyozi mwaka 1897, ulinzi huo umezidi kutanuka: ukawafikia wakata nywele za wanawake, ukawafikia wapaka rangi kucha, na hatimaye ukamfikia mwanamke anayesuka. Ni kwa huyu wa mwisho nimeona nichukue kalamu, maana kwake mmefanya makubwa kuliko mlivyoombwa, na anayefanya makubwa kuliko alivyoombwa hustahili kutajwa hadharani.

Mkishangaa kwa nini shukrani zinawajia kwa Kiswahili, kumbukeni kwamba wapo wasusi wengi mnaowasimamia ambao ni wahamiaji kutoka Afrika, na wapo miongoni mwao Wakongomani, Wakenya na Watanzania ambao hii ndiyo lugha yao ya kupigia soga wakiwa nyuma ya kichwa cha mteja. Kwa faida ya mjumbe ambaye hajawahi kusukwa, kazi yenyewe ni hii. Msusi anagawa nywele kwa ncha ya chanuo mpaka ngozi ionekane kama mstari mweupe, anashika mafungu matatu, anaongeza rasta akitaka urefu, anapishanisha vidole kushuka hadi mwisho, kisha anaanza mstari mwingine. Mkasi hutumika kupunguza rasta iliyozidi. Moto ni ule wa kuchomea ncha, au maji ya moto ya kuzichovya zisifumuke. Hakuna dawa, hakuna rangi, hakuna kalikiti. Msichana wa Kiafrika huijua kazi hii kabla hajajua kuandika, na mtindo wetu mwepesi kuliko yote tumeubatiza twende kilioni, kwa kuwa husukwa haraka pale msiba unapotokea na watu hawana muda wa kujipamba. Baadhi ya sheria zenu zilimtaka anayeusuka kwa malipo awe amesoma karibu mwaka mzima. Marehemu angeshafanyiwa hitima na arobaini.

Utah ndiko ulinzi huu ulikopata kueleweka vizuri. Jestina Clayton, aliyezaliwa Sierra Leone na kujifunza kusuka akiwa mtoto, aliambiwa na jimbo hilo kwamba asipate hata senti ya ususi bila leseni ya urembo: saa 2,000 za masomo, kwa ada iliyoweza kufika dola 18,000. Akaenda mahakamani. Jaji David Sam wa mahakama ya shirikisho alipofungua mtaala mwaka 2012 alikuta sehemu kubwa yake haihusiani kabisa na ususi, na hiyo ndogo iliyobaki ilihusiana kwa kulazimishwa. Jimbo lenyewe halikuwa limechunguza kama shule zake zinafundisha kusuka. Sharti likaanguka kwa kukosa msingi katika Katiba. Nawaombeni mlisome tukio hili polepole, maana lina uzuri wake. Mwanamke anayejua kazi alitakiwa kulipa maelfu ya dola akafundishwe kazi nyingine na watu ambao huenda hawaijui yake, ndipo aruhusiwe kurudi kwenye yake. Na msidhani Utah ilikuwa kijiji cha mbali kisichofikiwa na habari. New York, jimbo lenye Harlem, mtaa mashuhuri wa watu weusi, lilisubiri mpaka 2023 kutunga sheria ya kuzilazimisha shule za urembo kufundisha utunzaji wa nywele za aina zote, zikiwemo za kipilipili. Kabla ya hapo mtu angeweza kuhitimu na kutundika leseni ukutani bila kulazimika kuzigusa hata siku moja, na leseni hiyo ndiyo iliyotakiwa kumhakikishia mteja mwenye kipilipili kwamba yuko mikononi mwa mjuzi.

Hata hivyo, tuzo ya mwaka ningeipeleka Texas. Huko msusi Isis Brantley alikamatwa Dallas mwaka 1997 kwa kosa la kusuka, na baadaye jimbo likalegeza kamba kwa kuanzisha cheti cha ususi cha saa 35. Brantley alipotaka kufundisha wengine ili saa zao zitambuliwe, aliambiwa shule yake ifuate kanuni za vyuo vya vinyozi: ukumbi wa futi za mraba 2,000, viti 10 vinavyolala nyuma, na masinki yasiyopungua matano. Cheti cha ususi chenyewe hakikumruhusu mwenye nacho kufanya huduma inayohitaji sinki. Kwa hiyo Texas ilimtaka anunue masinki matano, ayaunganishe na bomba, ayasafishe kila jioni, na asiyatumie, maana kuyatumia lingekuwa kosa. Mahakamani jimbo likaombwa litaje angalau shule moja ya ususi pekee iliyoweza kutimiza masharti hayo, likakosa. Jaji Sam Sparks aliyatupilia mbali Januari 2015, na mwaka huohuo wabunge wakawatoa wasusi kabisa chini ya leseni.

Najua mtajibu kuhusu afya, na jibu hilo halipaswi kubezwa. Mistari inayokazwa kupita kiasi hung'oa nywele za paji na za pembeni, na zikishang'oka kwa miaka mingi wakati mwingine hazirudi tena. Kila mtaa wetu una shangazi ambaye ushahidi wake uko wazi. Mapunye na chawa huhama kwa chanuo lisilosafishwa. Haya yote ni kweli, na yote hufundishika kwa muda mfupi: osha chanuo, loweka kwenye dawa, usimsuke mwenye vidonda, legeza mkono. Saa nyingine zote zinazobaki hatujaambiwa ni za ugonjwa gani. Taasisi ya Institute for Justice (tusifiche, ndiyo iliyowatetea wasusi hawa, kwa hiyo ni upande mmoja wa kesi) ilikusanya rekodi za bodi zenu wenyewe kutoka majimbo tisa na Washington, D.C., za mwaka 2006 hadi 2012. Wasusi waliosajiliwa walikuwa 9,731. Malalamiko yaliyofikishwa dhidi yao yalikuwa 103, na mengi yaliletwa na bodi zenyewe au na warembaji wengine wakiulizia leseni. Mteja aliyeumia alikuwa adimu kama mvua ya Januari jangwani. Wakati huohuo, mwenye leseni yenu kamili anaruhusiwa kumpaka mteja dawa ya kulainisha nywele, na utafiti wa taasisi za afya za taifa lenu uliotolewa 2022 ulihusisha matumizi ya mara kwa mara ya dawa hizo na ongezeko la saratani ya mji wa mimba. Uhusiano si uthibitisho, naam. Ila kama ni hatari inayotafutwa, chupa ilikuwa kwenye rafu ya saluni iliyosajiliwa, na askari alikuwa mlangoni kwa msusi.

Taasisi hiyohiyo ilikokotoa mwaka 2012 kwamba kwa wastani majimbo yenu yalimdai mrembaji mafunzo ya siku 372, na mhudumu wa gari la wagonjwa siku 33. Kwa hesabu hiyo, ningekuwa Mmarekani na moyo ukasimama barabarani, ningeomba waniletee msusi.

Mtasema pia kwamba si majaji wote waliowageuka. Kweli, mwaka 2018 mahakama ya rufani iliyaunga mkono masharti ya Missouri ya saa 1,500. Kipimo chake kilikuwa chepesi, kwamba inatosha kuwepo sababu inayoweza kufikirika ya kuwa na sharti, na sababu ya kufikirika haijawahi kumkosa mtu yeyote. Wabunge wa Missouri hawakuridhika na ushindi huo. Mwaka huohuo walibadili sheria, msusi akabaki na kujiandikisha na kutazama video ya mafunzo ya usafi. Na wala msituambie kwamba hata kwetu kuna vibali. Vipo. Mwenye saluni Nairobi hulipia leseni ya biashara kwa kaunti, na halipi kwa furaha. Lakini fundi wa nywele aliyejifunzia kazi mtaani anaweza kwenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, akaonyesha anachokijua kwa mikono yake, akapewa cheti. Hakuna anayemuuliza alikalia benchi kwa saa ngapi. Nyinyi mnapima makalio, wenzenu wanapima vidole.

Linalobaki ni kujiuliza sharti lisilomsaidia mteja linamsaidia nani, na hapa inabidi tuangalie ni akina nani wanaokaa mezani kwenu. Bodi nyingi zimejaa wenye saluni, wenye shule na wenye leseni, yaani watu ambao ada na ushindani ni ugali wao. Wahenga wetu walisema kinyozi hajinyoi. Nyinyi mmemkabidhi wembe na kioo, na mkamwachia pia amnyoe mpinzani wake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliiona hatari hiyo mwaka 2015 katika kesi ya bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, iliyokuwa ikiwatisha kwa barua watu wasio madaktari waliong'arisha meno kwa bei nafuu. Ilisema bodi inayotawaliwa na wenye biashara haiwezi kujificha nyuma ya jimbo kukwepa sheria za ushindani kama jimbo lenyewe haliisimamii. Urembo haukutajwa, lakini mwenye masikio amesikia. Sheria ya leseni ikishakuwa fimbo, huanza kutafuta migongo. Mwaka 2010, katika Kaunti ya Orange, Florida, askari wenye vinyago na fulana za kuzuia risasi waliingia na bunduki katika saluni za vinyozi weusi kwa jina la ukaguzi wa leseni, na mahakama ya rufani ilibidi ieleze mwaka 2014 kwamba ukaguzi wa vyeti hauhitaji uvamizi. Arizona, mwaka 2017, bodi ilimchunguza mwanafunzi wa urembo aliyekuwa akiwakata nywele bure watu wasio na makazi, mpaka Gavana Doug Ducey akaandika barua ya kuiomba iachane naye. Hapo hata mteja wa kuibiwa hakuwepo.

Tuna takwimu za majirani wawili, na ndizo ninazotaka zisomwe kwenye kikao chenu kijacho. Mississippi, baada ya juhudi za msusi Melony Armstrong wa Tupelo, ilibadili sheria mwaka 2005: msusi anajiandikisha, analipa dola 25, anafuata kanuni za usafi. Kufikia 2012 ilikuwa na wasusi waliosajiliwa zaidi ya 1,200. Louisiana, yenye watu weusi wengi zaidi, ilidai saa 500, na ilikuwa na wasusi wenye leseni 32. Sidhani kuna anayeamini kwamba wanawake wa Louisiana waliobaki walitembea na nywele timtim. Walisukwa jikoni, nyuma ya pazia, na watu wasio kwenye daftari lolote, wasioweza kukaguliwa chanuo wala kushtakiwa wakimharibu mteja.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Zaidi ya majimbo 30 yameshawaachia wasusi wasuke bila leseni ya urembo. Kwa yale yaliyobaki, toeni hadharani daftari la malalamiko ya ususi, mwaka kwa mwaka, na mbele ya kila lalamiko muandike aliyelileta: mteja, au mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara. Msipoweza kulitoa kwa kukosa karani, wapo wanawake wengi wenye vidole vyepesi ambao mmewakatalia kazi.

Wenu katika kulindwa,
Msomaji wa sheria zenu