Koti la Kujificha

Mwindaji wa kulungu wa Wisconsin, Marekani, ana mambo. Novemba ikiingia hununua koti la bei mbaya lenye michoro ya majani na magome, asionekane. Kisha sheria ya msimu wa bunduki inataka walau nusu ya vazi lake la nje, kiunoni kwenda juu, liwe la rangi ya chungwa inayowaka, au waridi, iliyoruhusiwa 2016. Basi majani yote chini ya kizibao! Kulungu rangi hiyo haioni vizuri. Kinachomtimua ni nailoni inayochakarika kila bwana anapojikuna. Na ndani kabisa? Fulana ya pamba, chapachapa kwa jasho la kupanda kilima. Ya sufu, inayotunza joto hata ikilowa, ipo dukani, tena si ghali kama koti. Ila nani ataiona?