Ombi la Kibali cha Kupofusha

Kwa Mamlaka Husika,
Popote Mlipo.

MINT: KUWAPOFUSHA MADEREVA WENZANGU BARABARA YA NAMANGA

Waheshimiwa,

Nimewatafuta kwa muda mrefu. Kila jambo linapoharibika nchini, redio hutwambia kwamba mamlaka husika imetakiwa kuchukua hatua, lakini sijawahi kupita mlango wenye kibao cha jina hilo. Basi barua hii naiacha wazi, nikiamini hamtakosa mwanga wa kuisomea. Sisi huku Kitengela tunao wa kugawa.

Jioni tano kwa juma mimi huendesha gari kutoka Kitengela kwenda Kajiado mjini. Ni Probox, iliyofika kutoka Japani ikiwa bado chini ya ile miaka minane inayoruhusiwa, na ikazeekea mikononi mwangu. Taa zake zina balbu za H4, aina iliyobuniwa 1971. Ndani ya kila balbu mna nyuzi mbili: mmoja wa wati 60 kwa fulu na mwingine wa wati 55 kwa dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe cha chuma, kidogo kama ukucha, ambacho kazi yake ni kuuzuia mwanga usipande kwenye macho ya anayekuja. Hicho kikombe, Waheshimiwa, ndicho askari pekee wa barabarani ninayemjua asiyeomba chai.

Sasa nimetambua kwamba nimebaki na kikombe changu karibu peke yangu.

Ukishaipita Noonkopir kuelekea Kisaju, taa za mji zinakwisha na maonyesho yanaanza. Linakuja lori la mawe lenye safu ya taa juu ya kichwa kama taji la bibi harusi. Nyuma yake matatu yenye taa za samawati, weupe wake unauma meno. Halafu bodaboda yenye taa moja inayotafuta mvua mawinguni. Halafu Probox mwenzangu, ambaye labda hana hata kosa la balbu: amepakia magunia na abiria hadi matako ya gari yanagusa lami, pua ikainuka, na dimu yake ikawa fulu bila yeye kujua. Chini ya usukani ana kigurudumu chenye namba, kilichowekwa na Wajapani ili ashushe taa akibeba mzigo. Wengi hudhani ni cha redio.

Nikimpigia mtu taa kumwomba apunguze, hunijibu kwa kuniwashia fulu halisi, ili nijue kwamba nilichokuwa nikikililia ndicho kilichokuwa dimu.

Msinihesabie kuwa mtu wa kulalamika. Nimepiga hesabu tu. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Macho yakichomwa na mwanga, yape sekunde tatu tu kurudi, na hapo umeshaendesha mita 66 ukiwa huoni. Katika mita 66 za Barabara ya Namanga hukosi kiumbe. Akiwa ng'ombe, ana bahati, kwa maana macho yake huurudisha mwanga na ukayaona yaking'aa. Mwenye ng'ombe macho yake hayang'ai. Ile shuka nyekundu ambayo mchana unaiona ungali mbali, chini ya mwanga unaoelekea samawati wekundu wake hufifia, akasimama pale kama kisiki. Kati ya taa zangu na za anayekuja pana mahali ambapo mtu mzima hupotea kabisa, akiwa wima, akiwa na fimbo yake mkononi.

Kwa hiyo niliamua kujiunga na wengi. Niliingia duka moja la spea, nikaomba balbu inayowaka zaidi.

"Mathe, chukua hii," kijana akaniambia. "Hii inamwaga mchana. Ni K elfu sita."

Nikamuuliza K ni nini. Akasema ni nguvu. Sikutaka kumuaibisha mbele ya wateja, ila kwenu naweza kusema: K hupima rangi ya mwanga, si wingi wake. Halojeni ya kawaida huwa karibu 3200, umanjano wa kibatari. Kupanda hadi 6000 ni kuelekea weupe wa barafu. Zile halojeni zilizopakwa rangi ya samawati huupata weupe huo kwa kuchuja sehemu ya nuru, kwa hiyo mnunuzi hulipa zaidi apate kidogo, na anashukuru. Hilo lingekuwa la kushangaza kama tusingekuwa tumezoea kulipa ushuru.

Kisha akanionyesha ya LED. Hapo nuru ipo kweli, wala sikatai. Shida ni pa kutokea. Bakuli la taa yangu lilichongwa likitarajia uzi mwembamba ukae mahali pamoja, kwa hesabu isiyovumilia hata milimita moja. Ukipachika vijitaa vya aina nyingine hapo, mwanga hutawanyika kama mbuzi waliofunguliwa na mtoto, mwingine barabarani, mwingine kwenye migunga, na uliobaki kwenye paji la uso la dereva wa trela anayetoka Namanga. Naye akifika nyumbani hukata shauri kununua kubwa kuliko yangu.

Ubavuni mwa boksi, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na maneno: si ya kutumika barabarani. Nikamsomea kijana.

"Mathe," akasema kwa upole, "kwani hizi za kwetu ni barabara?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba muda wa kufikiria, nikampelekea gari fundi wa waya mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mgunga. Hakuniuliza nataka balbu gani. Alichomeka mita yake kwenye betri, injini ikiwa inanguruma, akasoma volti 14. Akaichomeka kwenye soketi ya taa, akasoma 12.

"Mama, volti mbili zimeliwa njiani," akasema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kufuatilia mradi wa kisima.

Akanieleza kwamba volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, nuru hupungua karibu thuluthi. Wezi wenyewe walikuwa kutu kwenye bolti ya waya wa ardhi na soketi iliyoanza kuyeyuka, kumbukumbu ya mwenye gari aliyenitangulia, ambaye bila shaka aliwahi kutia balbu za wati 100. Fundi akakwangua kutu, akabadilisha soketi, kisha akashika msasa laini na maji akausugua uso wa taa, ambao jua la miaka mingi lilikuwa limeufanya manjano kama meno ya mvuta kiko. Mwisho akaliegesha gari mita 10 kutoka ukuta wa mawe, akaizungusha skurubu mpaka dimu ikaangukia sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Balbu akaziacha zilezile. Gharama yake haikufika bei ya boksi la kijana.

Usiku ule niliona kibao cha Isinya kabla sijakipita. Nilikaribia kulia.

Nilikaribia tu, kwa sababu mbele ya kibao lilikuwako trela.

Ndipo nikaelewa kwamba taa njema haina faida kwa mtu aliye peke yake nayo, na ndiyo sababu ya ombi hili. Naomba kibali rasmi, chenye muhuri, cha kupofusha. Najua wenzangu hufanya bila kibali, lakini mimi nililelewa kupanga foleni.

Msihangaike kufungua Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, wala kanuni zake zinazozungumzia taa. Vumbi lake laweza kuwaingia machoni. Wala msiige Ujerumani, ambako hadi 2020 ndipo balbu ya kwanza ya LED ya kupachikwa kwenye taa ya halojeni iliporuhusiwa barabarani, nayo kwa magari yaliyoorodheshwa tu baada ya kupimwa moja moja. Watu wazito hao. Sisi wakati huo tulikuwa tumeshazimaliza stoo.

Nashauri pia askari waendelee kutukagua taa saa sita mchana, kwani saa hiyo hakuna anayemsumbua mwenziwe. Punda wa maji wa Kitengela wagawiwe miwani ya jua. Pundamilia na nyumbu wanaotoka mbuga ya Nairobi kushukia tambarare zetu, safari ambayo mababu zao waliijua kabla mbuga haijatangazwa 1946, waandikiwe barua wasafiri mchana. Na yule mwenye shuka, ikiwa mtapata njia ya kumfanya macho yake yang'ae kama ya ng'ombe wake, mtakuwa mmemaliza kazi.

Nimeambatisha balbu moja ya H4, 60/55, iliyotumika, ili muone kikombe ninachokisema. Bado inawaka. Tafadhali ishikeni kwenye kitako cha chuma, msiguse kioo. Kikiachiwa mafuta ya vidole, halafu kikapata moto, huweza kupasuka. Mtafuteni ofisini mmoja wenu mwenye vidole vikavu, yeye ndiye aifungue.

Wenu katika mwanga mwingi usioonyesha kitu,

Dereva wa Dimu,
Kitengela.