Mhadhara Mkuu Kuhusu Fito

Akina yeyo, yaani akina mama wa boma hili, takwenya! Wazee mnaosinzia chini ya mgunga, na nyinyi watoto mnaocheka bila sababu, shikamooni na marahaba. Mbele yenu amesimama Mshauri Mwandamizi wa Fito na Matawi ya Afrika Mashariki nzima. Cheo hiki nimejipa mwenyewe, maana sikumwona mwenye sifa za kunipa.

Naambiwa enkaji, nyumba ya Kimaasai, hujengwa na mwanamke. Miaka yote hiyo, bila mshauri! Nimesikitika sana.

Tuanze na mleleshwa, mti ambao nimeuchunguza kwa kina tangu jana. Fito zake zinapinda, ukiukata unachipua tena shinani, na majani yake yananukia kafuri hata morani huyabana kwapani. Napendekeza rasmi muutumie kwenye kuta. Mnautumia tayari? Basi nimeidhinisha.

Nguzo ndiyo kazi. Ukichimbia mti laini, mchwa wanauanzia chini kimyakimya, na siku ya mvua paa linakushukia kitandani pamoja na samadi yote uliyolikandika. Chagueni oloirien, mzeituni mwitu: mgumu, mzito, mchwa hawauwezi. Ila msiumalize, kwani unakua polepole kama faili la malipo yangu. Yeyo pale anasema nguzo nzuri huing'oa akahama nayo. Naam, nilikuwa naelekea hukohuko.

Sasa ua wa boma, ule wa matawi ya mgunga. Hapa itabidi niwape sayansi. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa wataalamu wa mimea mjini Vienna, jina Acacia waliachiwa Waaustralia kwa miti yao, na migunga yetu ikaangukia kwenye Vachellia na Senegalia. Simba bado hajaarifiwa. Anachomwa kwa jina la zamani. Tawi lilazwe shina ndani, miiba nje. Ndiyo, yeyo, naona umeshalaza hivyo. Ungesubiri nimalize.

Kwa miiba, hakuna mgunga kama kikwata. Mwiba wake umepinda kurudi nyuma: kuingia unakuachia kidogo, ukitaka kujitoa ndipo unakushika koti, kisha shati, kisha kilicho chini ya shati. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kitaalamu ni kutouegemea wakati wa kutoa mhadhara. Maswali nitayapokea mkishaninasua.